Mfugaji Mmoja Anachafua Kijito

Jumatatu, 3 Machi

"Ng'ombe wangu hawajawahi kudondosha hata tone kijitoni." Maneno ya jirani yangu Mabuti, jana, mbele ya kamati nzima ya maji, bila hata kukohoa. Hata tone! Zizi lote lile, ng'ombe wanajisaidia wapi? Angani?

Nimesoma. Mbolea ikiingia majini hula hewa yote, samaki wakakosa pumzi. Na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ana bwawa la samaki linalojazwa na kijito hicho, chini kidogo ya zizi la Mabuti. Tangu mvua zianze samaki wanapanda juu, midomo wazi, kama wajumbe wa kamati wakisikiliza hoja. Shemeji amemwahidi mchumba wake kwamba bwawa hilo ndilo litakalowalisha. Wakifa samaki, harusi nayo imekwenda na maji.

Halafu huyo Mabuti! Ameitwa hivyo kwa sababu ya mabuti yake meupe, ambayo hayachafuki. Mfugaji gani ana mabuti meupe? Ushahidi tosha.

Nimebandika makala kwenye ubao wa kamati: "Mfugaji Mmoja Anachafua Kijito." Jina sikutaja, mimi muungwana. Nimechora buti tu.

Jumanne, 4 Machi

Moto umewaka! Kamati imemwita mpimaji kutoka ofisi ya maji. Anakuja Ijumaa. Atakayepatikana na hatia atachimba shimo jipya la mbolea kwa mikono yake, alisakafie, aliezeke. Tayari namwona Mabuti ameinama.

Mke wangu kauliza kama na shimo letu litakaguliwa. Letu! La ng'ombe wachache wale! Kasema limejaa hadi mdomoni, na kwamba aliniomba nizoe mbolea kabla ya mvua. Nikamweleza kwamba mtu hawezi kushika kalamu na koleo kwa pamoja.

"Basi weka kalamu chini, baba watoto."

Nina makala ya pili ya kuandika.

Jumatano, 5 Machi

Nimechungulia. Limejaa kweli. Linachuruzika.

Lakini kichwa hakikuumbwa kwa ajili ya kofia tu. Sisi tuko juu, Mabuti yuko chini yetu, na kijito kinatupitia sote. Nikichimba mfereji kutoka shimoni hadi kijitoni, shimo langu litakuwa tupu mgeni akija, nao uchafu wangu mdogo utateremka kwa Mabuti ukajiunge na wake mwingi. Mpimaji atachota chini ya zizi lake. Ataona rangi!

Si udanganyifu. Ni kukoleza ukweli.

Samaki? Nimewafikiria. Siku mbili mbaya, kisha raha maisha yao yote. Wangeelezwa wangekubali.

Nimechimba peke yangu. Mgongo hautamaniki. Mwanzo mbolea ilijivuta kama mtoto anayepelekwa kuoga, kisha ikaondoka yote kwa mkupuo. Nimesimama pale nikitabasamu mpaka mke wangu akaniita chakulani. Akasema ninanuka. Nikala kwa hamu.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi Shemeji kaja anahema, shati kaligeuza nje ndani. Samaki wanageuka matumbo juu, eti nije haraka. Nikamwambia avumilie, kesho mwovu anaumbuka. Akaniambia kesho hatakuwa na samaki.

Tukakimbia. Kumbe Mabuti yupo tayari! Yumo bwawani hadi kiunoni, anawavua walio hai kwa wavu na kuwatia kwenye matangi ya maji ya kisima, ayapeleke kwake. Unafiki mtupu! Nikamuuliza kama hana haya, kuua kwa mkono huu na kuokoa kwa huu.

"Shika ndoo wewe, utanitukana tukimaliza."

Nilishika ndoo. Lakini kwa dharau.

Ijumaa, 7 Machi

Mpimaji ni binti mwenye kifaa cha waya mrefu kinachopima hewa iliyomo majini. Kaniita mzee. Mimi! Nimemsamehe kwa ajili ya sayansi.

Nilimwongoza moja kwa moja hadi chini ya zizi la Mabuti. Akanishukuru, akageuka, akapanda juu. Eti utaratibu wao ni kupima juu na chini ya kila zizi, bila kubagua. Bila kubagua! Nani kaandika utaratibu wa namna hiyo?

Juu ya kwetu: maji mazuri. Chini ya kwetu: akakitikisa kifaa, akidhani kimekufa. Chini ya kwa Mabuti: maji yamepata nafuu. Ndiyo, nafuu! Shimo lake limesakafiwa na kuezekwa, tena amepanda matete kijitoni, maji yanapenya humo polepole na kuacha uchafu wake. Binti kasema bila matete hayo asingepona samaki hata mmoja. Kasema pia shimo letu linavuja tangu mvua zianze.

Kisha akauona mfereji. Akauliza ni wa nani. Nikasema ni wa kale.

"Ni wa juzi," akasema mke wangu.

Jumamosi, 8 Machi

Kamati imepiga kura. Nichimbe, nisakafie, niezeke, na msimamizi wangu ni Mabuti. Shemeji hasemi nami. Ila samaki wake waliobaki wanakula vizuri katika matangi ya Mabuti, na mchumba hajaghairi. Kwa hiyo mambo ni mazuri.

Na kwa nini nisifurahi? Niliandika kwamba mfugaji mmoja anachafua kijito. Imethibitishwa, tena kwa kifaa! Ni waandishi wangapi huthibitishwa ndani ya wiki moja?

Kimebaki kitu kimoja, nacho nimekibandika ubaoni jioni hii. Ikiwa matete ya Mabuti yanameza uchafu wote unaopita, uchafu wake yeye tutaukamata lini? Yanakula ushahidi! Kwa hiyo nawaambia ninyi, wajumbe wa kamati ya maji, ninyi hasa mliotangulia kunyoosha mikono leo: ingieni kijitoni Jumatatu, myang'oe matete yale mzizi kwa mzizi, kabla maji hayajawa safi tena!