Namna ya Kuotesha Kijidudu

Jumapili, 8 Machi 2015. Mwaka wa hamsini na moja nje ya Unguja. Nimelazwa hospitali, Deira, huku kwa Waarabu. Homa. Mpwa wangu Sharifah kapiga simu: nikipona tu, anakuja kunichukua, nikamalizie uzee kwetu. Kwetu! Nyumba yetu ya Malindi, mtaa wa hukohuko Unguja, ina wenyewe wengine, na walioniita kwa jina la utotoni wamezikwa wote. Nikamjibu inshallah. Kisha nikaanza kufikiri.

Muuguzi Peninah, Mkenya, akaja kuchukua damu. Ati wanaiotesha. Nikamwambia damu ya mtu wa Malindi si mpunga. Akacheka: kinachooteshwa ni vijidudu, mzee wangu, ndipo dawa ijulikane. Damu hutolewa mikono yote miwili, kabla ya dawa kuanza. Akapangusa ngozi, akaiacha ikauke, akanionya nisiguse tena. Ngozi ina vijidudu vyake; vikiingia kwenye chupa vitaota na kumdanganya daktari.

Kumdanganya daktari! Ahsante, binti.

Alipogeuka kupangusa vifuniko vya chupa, nikajisomea dua, nikautemea mkono wa kushoto, nikausugua kwa kidole. Hakuona. Kazi safi kabisa!

Jumanne, 10 Machi. Kimeota! Daktari kaagiza dawa kali ya mshipani. Nikampigia Sharifah: damu imeingia mdudu, safari khalas, imekwisha. Akalia. Hilo sikulipanga. Sowedi, Mganda wa kitanda cha pili, mlinzi huko Jebel Ali, kasema hajawahi kuona mgonjwa mwenye raha namna hii, kama bwana harusi.

Jumatano, 11 Machi. Dawa inawasha. Nimeiva kama kamba wa kuchemshwa. Peninah kasimama mbele yangu, mikono kiunoni. Mkono wa kulia haukuota kitu. Wa kushoto, vijidudu vya ngozi, na vya mdomoni. Vya mdomoni, mzee? Nikasema ni dua. Akasema dua nisome, mate nimeze. Sowedi akacheka hadi akashika mshono wake wa upasuaji. Damu ikachukuliwa upya, mikono yangu ikiwa imeshikwa kama ya mwizi wa kuku.

Ijumaa, 13 Machi. Hakuna kilichoota. Dawa imesimamishwa, homa imekwisha. Msiba!

Peninah kaketi kando ya kitanda, nikakiri kwake kwamba naikwepa safari. Kaniuliza kwa nini nisimwambie Sharifah ukweli. Akasema yule ni mpwa wangu, si askari wa uhamiaji. Maneno ya busara. Nikayakubali. Nikapiga simu palepale, Sowedi akitega sikio.

Sharifah akasema: Mjomba, chumba nimeshakipaka rangi, ya buluu uipendayo.

Nikamwambia damu ni safi, alhamdulillahi, lakini sasa ni figo.

Sowedi kajifunika shuka uso mzima. Peninah katoka zake. Atakaporudi nitamuuliza, kwa upole, figo hupimwa vipi.

Unguja sitarudi.