Ishara za Chumba cha Mbele

Jumatatu, 4 Agosti
Tulimzika Mama Mkubwa juzi, Mungu amlaze pema. Sasa tuje kwenye chumba chake cha mbele. Mlango unatazama barabara! Dirisha pana! Ukuta wa kubeba vioo viwili! Kinyozi yeyote akikiona hapati usingizi, na kinyozi mwenyewe ni mimi. Mpaka leo nanyolea watu kibarazani, upepo ukivuma nywele zote zinahamia kwa jirani, na jirani ana mdomo.

Kuna tatizo moja tu. Kabla hajafa, Mama Mkubwa alinishika mkono akaniambia chumba kile ni cha Mtulivu. Mtulivu ndiye dada wa kazi aliyemwogesha na kumlisha miaka yote ambayo sisi ndugu tulikuwa "tumebanwa na kazi". Hana kwao pengine. Chumbani tulikuwa wawili, mimi na marehemu. Jumapili baada ya ibada ndugu tunakutana, na Mjomba ataniuliza kama dada yake aliacha neno. Nikisema hakuacha, Mtulivu anafungasha na chumba kinabaki kwangu. Mimi ni Mkristo, siwezi kumdhulumu mtu hivihivi. Lazima nipate kibali kwanza.

Jumanne, 5 Agosti
Nimemwendea Mchungaji. Nikasema nina rafiki, tena si wa hapa, ana jambo hivi na hivi. Akajibu kwamba rafiki asome Neno, aulize waliokomaa kiimani, aombe, kisha ajiulize ni nani atakayeumia. Hilo la mwisho nimeliacha, linachosha.

Nilipokuwa natoka akaniambia nimsalimie rafiki yangu, na aamue kabla ya Jumapili. Jumapili! Mimi sikutaja siku. Baadaye nikatulia: wachungaji hupenda tu kuitaja Jumapili, ndiyo siku yao ya kazi.

Jumatano, 6 Agosti
Neno. Nikafumba macho, nikafungua Biblia popote, nikaweka kidole. Wajane na yatima! Nikasema kidole kimeteleza. Nikarudia kwingine. Walewale. Nikakigeuza kitabu juu chini. Walewale, ila sasa wamesimama kwa vichwa.

Nikapata akili. Nikafungua mwisho kabisa, kwenye ramani, maana ramani haina amri. Kidole kikatua jangwani. Kufumbua macho, ncha ya kidole ina mchanga. Mwembamba, mkavu, wa moto. Nimenawa, nimenawa tena, bado nausikia chini ya ukucha. Kitabu cha zamani hakikosi vumbi.

Alhamisi, 7 Agosti
Waliokomaa kiimani. Nimemchagua Mzee wa Kanisa anayekaa benchi la kwanza. Sifa yake ni kwamba husinzia kikaoni huku akiinamisha kichwa kukubali kila hoja. Mwaka jana alikubali kanisa lipakwe rangi ya bluu, na papo hapo akakubali ile ya kijani.

Nimemkuta kitini kwake anakoroma. Safi! Nikamwinamia sikioni, nikamweleza yote, nikamwuliza kama naweza kunyamaza. Kichwa kikaenda kushoto. Kikaenda kulia. Kikarudi kushoto. Macho amefumba, na mkoromo unaendelea! Nikamnong'oneza, Mzee, umekosea upande. Kikazidi kasi. Nimetoka ninanyata, viatu mkononi. Ni shingo tu ile, uzee una mambo yake.

Ijumaa, 8 Agosti
Yamebaki maombi. Nimeomba ishara, tena nikachagua ngumu, isije ikatokea yenyewe kwa bahati mbaya. Nikasema, Bwana, ukitaka niseme, kile kiti cha Mama Mkubwa kinachotazama dirisha kitazame mlango. Nikakifunga chumba, ufunguo nikauvaa shingoni.

Mchana nikafungua. Kiti kinatazama mlango. Kinanitazama mimi! Na mto wake umebonyea katikati, kama mtu kainuka sasa hivi. Nikafunga mbiombio. Panya! Panya wa siku hizi wanakula wakashiba.

Mkono ungali kwenye kitasa, ndani kikasikika kikohozi. Kile chake, kikavu, cha kuomba maji. Nikajiambia masikio yangu hayo. Lakini jikoni Mtulivu akainuka, akajaza kikombe, akaja nacho mpaka mlangoni kwa mwendo wa kila siku. Hapo ndipo alipokumbuka. Akasimama na kikombe chake, machozi yanamtiririka, hakuniuliza kitu.

Niliogopa. Nilimwonea huruma pia, jamani, mimi ni mtu. Maneno yalishafika kwenye meno. Halafu nikaona kwamba pale aliposimama pangefaa sana benchi la wateja wanaosubiri.

Jumapili, 10 Agosti
Mjomba ameuliza. Nimesema hakuacha neno. Paa halikudondoka. Nilikuwa nimeketi karibu na mlango, kwa tahadhari.

Mtulivu alinitazama, akaenda kufungasha. Nikambebea begi mpaka barabarani, mimi si mnyama. Tulipofika akaniambia, polepole, kwamba Mama Mkubwa alimwambia na yeye. Lakini alimkataza kusema. Anisubiri mimi. Kwamba katika ndugu wote, huyu kinyozi ana moyo mzuri, ila hakuna aliyewahi kumwamini kwa jambo kubwa, basi apewe hili. Mtulivu akasema alinisubiri wiki nzima, na mpaka Mjomba anauliza bado alikuwa na uhakika na mimi. Akachukua begi lake, akaenda zake bila kugeuka.

Nimekasirika sana! Mdomo anao, kwa nini hakuutumia? Angesema mapema ningeepushwa na haya yote. Watu wengine hawajali kabisa kuwatia wenzao dhambini.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimefungua rasmi. Vioo viwili, benchi, pazia jipya. Wateja wanalalamika kwamba chumba kina baridi, jua likiwa limejaa dirishani. Wamezoea kibaraza.

Nimeomba asubuhi, kushukuru. Kimya. Nimeomba mchana. Kimya, lakini si kimya cha mtu anayesikiliza. Ni kama kubisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama na kung'oa hata mapazia. Nikakaza sauti, ikanirudia mwenyewe.

Mwanzoni nilishtuka. Kisha nikaelewa, nikacheka peke yangu. Wiki nzima Bwana alikuwa ananisumbua, leo hana la kusema. Ameridhika! Kesho nitamwuliza kuhusu chumba cha Mjomba. Akinyamaza, nimepewa.