Bolti Nane za Ambokile

Ambokile alimnusa mteja kabla mteja hajazima injini. Landcruiser kuukuu, limejaa vumbi la Idodi kule Iringa, liliingia gereji yake ya Ilomba, Mbeya, likiwa limeinama upande mmoja na kulia kila lilipokanyaga jiwe. Ndani mama wa makamo, peke yake, na rozari kwenye kioo. Gari la zamani, mwanamke, safari ndefu: kwa mtu wa tabia ya Ambokile, hiyo ni Krismasi.

Bolti za kubana springi za gari kama lile hazipatikani kirahisi siku hizi. Yeye hilo halikumsumbua. Alikuwa na ndoo nzima ya bolti za geti, na muhuri wa chuma wa kuzigongea namba kichwani. Bolti iliingia kwake asubuhi Mchina, mchana ikatoka Mjapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Naitwa Mama Apolonia. Gari linalia."

"Bolti zimekwisha, mama. Lakini una bahati, ninazo nane, zenyewe kabisa. Naapa kwa kaburi la babu yangu."

Babu yake, ieleweke, alikuwa mzima wa afya, akipalilia viazi Isongole.

Mama Apolonia akapapasa kichwa cha bolti kwa kidole gumba. "Na pikapu ile pale?"

"Yangu. Ndugu wa gari lako. Miaka kumi na moja, haijawahi kulia hata siku moja."

"Inaonekana," mama akasema, akiwa ameshainama kuichungulia chini.

Ambokile akafunga bolti zake za geti, akataja bei ya kichaa. Mama akalipa yote. Mtu mwenye akili angeogopa hapo hapo, maana mteja asiyeomba punguzo Mbeya ni mgonjwa au ana lake. Ambokile alitabasamu.

"Haya, panda," mama akasema.

"Niende wapi?"

"Kwetu Idodi fundi aliyefunga ndiye anayeshika usukani mara ya kwanza. Unashuka nalo Mlima Nyoka. Mwenye gari anakaa pembeni, anasali."

"Mgongo unanisumbua, mama."

"Pole. Basi rudisha hela."

Ambokile aliuwaza mteremko ule, malori yake, na bolti za geti chini ya makalio yake. Kisha akaiwaza hela, ambayo ilikuwa imeshalala mfuko wa ndani.

"Ngoja nizikaze tena. Kanywe chai pale kwa jirani."

"Nitakunywa vikombe vitatu. Usiharakishe."

Aliharakisha kama mwizi, jambo lililomjia bila shida. Alichomoa bolti nane za pikapu yake, akazifunga kwenye Landcruiser, na zile za geti akazisukumia kwenye pikapu. Akajipongeza: watashuka, watarudi, atazibadilisha tena kwa kisingizio cha grisi. Kichwa kama hicho kingekuwa Bungeni.

Walishuka Mlima Nyoka gari likiwa kimya kama linasikiliza mahubiri. Huko chini mama akasema, "Umefunga vizuri, fundi. Simamisha, ushuke. Mimi njia yangu ndiyo hii."

"Turudi kwanza gereji, nizikague!"

"Ukague nini tena? Si ulisema ni zenyewe?"

 Kila neno la kweli alilokuwa nalo Ambokile lingempeleka polisi. Akashuka.

Mama akahamia kwenye usukani. "Zile za kwanza namba zake zilididimia, baba. Bolti halisi namba yake imetuna, kama zile za pikapu yako. Mimi nilipofika kwako nilitazama pikapu yako kwanza, sura yako baadaye."

Akaondoka kuelekea Iringa. Gari halikulia.

Siku ya tatu Ambokile alifika soko la Mwanjelwa kwa miguu, akitafuta bolti nane za pikapu yake. Jailos, aliyejifunza kazi gerejini kwake, akazipanga mezani.

"Zenyewe kabisa, bosi wangu."

Ambokile akapapasa kichwa cha moja. Namba ilikuwa imedidimia.

"Una wasiwasi?" Jailos akauliza, mkono kifuani. "Naapa kwa kaburi la babu yangu."