Namba Moja Tu

Jumatatu, tarehe 3
Mjomba kanikabidhi sakafu ya ukumbi wa idara ya hesabu, orofa ya nne. Nikiimaliza vizuri, sakafu ya maktaba naipiga mwenyewe, fundi kamili. Nikiboronga, anapewa binamu yangu Msumari. Msumari kacheka. Tutaona Ijumaa atacheka na nani.

Mwenye ukumbi ni mama mmoja profesa. Hataki maua wala mistari. Kila kigae nikirushie dadu: moja, mbili, tatu ni cheusi; nne, tano, sita ni cheupe. Nikamuuliza kama chuo alisomea kamari. Akanichorea. Nusu kwa nusu, weusi hubaki visiwa visiwa, weupe umevizunguka kama uzio. Huwezi kutembea juu ya weusi tupu, ubavu kwa ubavu bila kukata pembe, toka ukuta huu hadi ule. Ijumaa atawaonyesha wageni wake kwa miguu.

Jumanne, tarehe 4
Vyeusi viko mlangoni. Vyeupe viko stoo, chini kabisa, ngazi themanini na nane. Msumari kapita na soda, kaniita punda wa profesa. Basi akili ikanijia. Dadu ikitoa nne, nayo cheusi. Namba moja tu. Vigae elfu tatu, nani atajua?

Alhamisi, tarehe 6
Nimemaliza mapema. Mjomba kanipiga bega. Msumari sasa namwita "kijana wangu".

Ijumaa, tarehe 7
Profesa kavua viatu, kaanza kukanyaga weusi ili wageni waone anavyokwama. Hakukwama. Kapinda huku, kapinda kule, kagusa ukuta wa pili.

Akaniuliza dadu niliitumiaje. Nikaapa: moja, mbili, tatu. Akasema, mwanangu, mimi naiamini sakafu. Weusi hauzuiwi ila na uzio mweupe usiokatika. Weupe ukipungua, uzio mrefu unakuwa adimu. Ukizihesabu nyuzio zote zinazowezekana, unathibitisha kwamba hazitoshi kuziba njia. Kuna mpaka, akasema. Ukiuvuka kidogo tu, visiwa vinaungana kwa mpigo. Kisha akauliza kama na nne niliitia weusi.

Hakuwepo hata dakika moja nikipanga vigae! Kanikamata kwa kalamu.

Jumamosi, tarehe 8
Maktaba kapewa Msumari. Mimi nimegeuzwa mkorogaji wake. Mjomba kasisitiza mara tatu, kana kwamba mimi kiziwi: mchanga ndoo tatu, saruji ndoo moja, usizidishe mchanga.

Mchanga uko mlangoni. Saruji iko stoo.

Nimeweka mchanga ndoo nne. Ni moja tu.