Asilimia Thelathini na Moja za Dada

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya nane kwenye duka la Mama Mdogo la kuchapa na kutoa fotokopi. Kazi zangu: kutoa kopi, kubana karatasi, kutozungumza na wateja. Hiyo ya tatu nimejipangia mwenyewe.

Msimu wa maombi ya vyuo vya biashara umeanza, vile vikubwa vinavyochukua mtu mmoja kati ya kumi. Watu wanakuja na faili kwapani na swali moja: nitapata? Wanamuuliza mpiga chapa wetu. Tunamwita Bwana Uhakika, kwa sababu hajawahi kumwambia mtu chini ya asilimia tisini. Leo kampa muuza bima tisini na tano. Muuza bima amefeli hesabu mara mbili, na mdhamini wake ni shemeji yake. Bwana Uhakika kamwambia, kaka, wewe hapo umeshaingia, bado kuchagua kiti tu. Akatoka anapiga mluzi.

Uongo mtupu. Nimekasirika hadi nikajibana kidole na stepla.

Nimeamua. Nitatengeneza njia ya haki ya kupima nafasi ya mtu.

Jumanne, 4 Machi

Jedwali limekamilika. Vipengele kumi, alama kumi kila kimoja: masomo, kazi, insha, wadhamini, uongozi, tabia, picha, na kadhalika. Muuza bima: kumi na tisa. Mwalimu wa hesabu aliyeleta karatasi zake jioni: arobaini na nne. Mimi mwenyewe: sita, lakini sijaomba popote.

Kuna tatizo moja. Mtu anaambiwaje? Nilimsogelea mwalimu wa hesabu nikiwa na matokeo yake mkononi. Akaniuliza kama nina neno. Nikamwambia choo kiko nyuma. Akashukuru, akaenda.

Alhamisi, 6 Machi

Dada kaleta maombi yake. Yeye ni msimamizi wa ghala la vifaa vya ujenzi. Hii ni mara ya tatu kuomba, na ni ya mwisho: ufadhili una kikomo cha miaka thelathini, na Dada anaitimiza mwezi wa tano. Mara mbili wamemkataa kwa barua ya mistari miwili. Ile ya pili ameibandika ndani ya mlango wa kabati. Anaisoma kila akichukua blauzi.

Akampa Bwana Uhakika insha aipige chapa. Lakini Bwana Uhakika hapigi chapa tu, "ananyoosha". Dada aliandika kwamba anasimamia wafanyakazi wawili. Baada ya kunyooshwa, kumi na wawili. Aliandika kwamba alipunguza upotevu wa misumari. Sasa ameleta "mageuzi makubwa yaliyotikisa sekta". Sentensi hiyo nimeiona kwa muuza bima. Nimeiona pia kwa mwalimu wa hesabu, ambaye hana sekta.

Dada alisita. Akasema hao watu kumi hajawahi kuwaona. Bwana Uhakika akamuuliza, wenzako wote wanaandika hivi, wewe unataka uonekane mnyonge peke yako? Dada akatia sahihi bila kumtazama mtu.

Jioni nimempima. Thelathini na moja. Nilimwongezea alama mbili kwa kunilea, lakini jedwali halina kipengele hicho, nikazifuta.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeyaandika yote kwenye karatasi ya njano. Nafasi yako ni asilimia thelathini na moja. Wafanyakazi ni wawili, si kumi na wawili. Hakuna sekta iliyotikisika. Misumari ndiyo habari yenyewe, irudishe. Picha umenuna. Ukishindwa unafoka, ukishinda unafoka. Nikaiweka juu kabisa ndani ya faili, aione kabla ya kufunga bahasha, aiandike insha upya. Mpango safi, wala sihitaji kufungua mdomo.

Dada kaja mbio saa saba. Hakufungua faili. Akasema kama umelipanga wewe, mdogo wangu, limepangika. Akalitumbukiza kwenye bahasha, akalamba gundi, akampa dereva wa vifurushi. Nikafungua mdomo. Kikatoka kikohozi. Dada akaninunulia dawa ya kifua.

Nimekimbilia ofisi ya vifurushi. Mara tatu nimefika dirishani, mara tatu nimempisha aliyekuwa nyuma yangu. Mara ya nne mhudumu kaniuliza, binti, unatuma au unapokea? Swali gani hilo? Nikanunua bahasha.

Jumamosi, 8 Machi

Bahasha imepata kazi. Nimewaandikia chuo: tafadhali msisome karatasi ya njano iliyo kwenye faili la dada yangu, hasa pale penye wafanyakazi.

Nimeituma saa tatu. Saa nne nikaanza kuifikiria vizuri.

Jumanne, 18 Machi

Muuza bima kakataliwa. Mwalimu wa hesabu kakataliwa. Wateja wetu tisa kwa jumla, wote walioomba chuo kile kile cha Dada. Chuo kimewaandikia kwamba hakiamini watu tisa wa mtaa mmoja wametikisa sekta kwa maneno yale yale. Wamekuja dukani pamoja.

Bwana Uhakika kajificha nyuma ya mashine ya fotokopi, kaniambia niwaambie yuko likizo. Mimi. Niwaambie. Nikaandika kwenye karatasi, nikaibandika kwenye mashine. Wakaisogelea kuisoma, wakamkuta.

Hanisemeshi tangu hapo. Aliyekosea ni yeye, anayenuniwa ni mimi.

Dada hajapata barua kama yao. Ameitwa kwenye usaili. Hajui kwa nini. Mimi najua.

Alhamisi, 20 Machi

Dada karudi. Anasema kulikuwa na watu watatu mezani, na katikati yao karatasi ya njano. Wakamuuliza ni ya nani. Akaisoma mara ya kwanza mbele yao, masikio yanawaka moto. Akawajibu: ni ya mdogo wangu, na anasema kweli. Ni wawili, na mmoja anachelewa kila siku. Wakamwomba awasimulie habari za misumari. Kazisimulia dakika arobaini.

Kaniuliza kwa nini sikumwambia tu. Tu! Kisha akasema hiyo habari ya kufoka ni uzushi. Alisema kwa kufoka.

Jumatatu, 31 Machi

Dada kapata. Na ufadhili wote. Mama analia, Mama Mdogo kafunga duka kabla ya saa zake. Chuo kimeandika kwamba kati ya mafaili yote ya duka letu, lake peke yake lilikuwa na ukweli ndani. Bwana Uhakika anapita akimwambia kila mtu kwamba yeye alisema tisini tangu mwanzo.

Nimefurahi. Nimemkumbatia Dada mpaka akaomba hewa. Lakini thelathini na moja ni thelathini na moja. Nimelirudia jedwali mara nne, halina kosa hata moja. Kwa hesabu ya haki Dada hakustahili kupata. Chuo kikubwa namna ile, chenye maprofesa, kinampokeaje mtu wa thelathini na moja? Halafu hakuna hata mmoja hapa nyumbani anayeshtuka.

Nimewaandikia. Kwa heshima, kurasa tatu, kipengele kwa kipengele, nikawaonyesha walipokosea na kuwaomba wahesabu upya. Dereva wa vifurushi ameshaichukua.