Tumbo Jipya, Glasi Moja

Jumatatu, 4 Machi
Nimekamatwa. Mimi, mwalimu wa udereva! Glasi moja tu ya mvinyo kwenye sherehe ya kumuaga karani wetu. Nikaondoka na gari la shule, nikaliparamisha juu ya bustani ya njia panda, kibao cha MWANAFUNZI kikiwa juu ya paa. Askari akaniuliza mwalimu wangu yuko wapi. Zamani nilikuwa nakunywa chupa na chupa, wala sipepesuki. Tangu daktari anipunguze tumbo kwa upasuaji, nimepungua kilo, na kumbe hata uwezo wa kunywa umepungua. Kesi Alhamisi. Leseni ikienda, kazi nayo imekwenda. Breki, mwalimu mwenzangu, ameshaomba wanafunzi wangu, eti kwa muda. Mnafiki mkubwa.

Jumanne, 5 Machi
Utetezi nimeupata: mwenye kosa ni tumbo. Nimemwomba daktari aje kumweleza hakimu jinsi pombe inavyonipanda siku hizi. Amekubali kwa furaha. Ila atasema pia kwamba alinionya, tena mbele ya mke wangu. Nimemwambia asijisumbue.

Jumatano, 6 Machi
Shemeji, kaka wa mke wangu, ndiye wakili wangu. Haamini glasi moja inamlewesha mtu mzima. Nikamwonyesha palepale ofisini kwake. Nimeamka kwenye kochi la wateja, nimevuliwa viatu. Eti nililia na kumwita mama. Nikamwambia huo ndio ushahidi. Akasema ushahidi anao, anachokosa ni mteja mwenye akili. Mke wangu alikuja kunichukua, akanifunga mkanda kiti cha nyuma kama mtoto. Hilo lilinitisha kuliko hakimu.

Alhamisi, 7 Machi
Hakimu, mama mpole wa miwani, alisikiliza habari za tumbo mpaka mwisho. Akauliza kama nilijua hali yangu kabla ya kushika usukani. Shemeji alinikanyaga mguu. Nikajibu ndiyo, daktari alinieleza vizuri sana. Nimefungiwa leseni mwaka mzima. Nje Breki alinipa pole, funguo za gari langu la kufundishia zikilialia mfukoni mwake. Imeniuma sana, sifichi.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeamka na wazo. Mwalimu haendeshi! Anayeendesha ni mwanafunzi, mimi nakaa pembeni tu, na hakimu hakunikataza kukaa. Mwanafunzi wa kwanza ni mama mkwe, ambaye hajawahi kushika usukani. Tunatumia gari la mke wangu, yeye hajui. Halina breki ya mwalimu, lakini ya mkono ipo. Na kwa kuwa siendeshi, nusu glasi ya kutuliza moyo haina kosa. Nimeshainywa. Mama mkwe anapiga honi nje, na kiatu cha pili sikioni.