Mbinu za Kupendwa na Sungura

Jumamosi, tarehe 7 Machi

Sungura amefika! Shemeji kamleta ndani ya boksi la sabuni alilolitoboa matundu kwa bisibisi. Ni wa binti yangu. Aliahidiwa siku aliyokubali kung'olewa jino bila kumng'ata daktari, na ahadi ni ahadi, ingawa alimng'ata kidogo.

Ni wa kijivu, kifua cheupe. Sikio moja husimama, lingine hulala, kama mtu anayesikiliza habari na kuidharau papo hapo. Pua haitulii. Nilimtazama mpaka chai ikapoa. Mimi ni fundi makochi, nimeshika velveti za kila aina maishani. Hakuna kiwanda kilichowahi kutoa kitu kama shingo ile.

Alipowekwa sakafuni alipiga mguu wa nyuma, puu! Glasi zikalia kabatini. Mnyama mdogo namna ile! Binti akamwita Kishindo hapo hapo. Mimi nilipendekeza Jemadari. Zikapigwa kura. Nilishindwa hata kwa kura ya shemeji, ambaye hakai hapa.

Sasa jambo la kuudhi. Nilipiga magoti nikamnyooshea mikono. Kishindo akanikwepa kama anavyokwepwa mdai, akaenda moja kwa moja kwa Mama Mkwe. Huyu alikuja kukaa nasi mpaka paa la nyumba yake litengenezwe, na paa sasa linaingia mwaka wa pili. Alikuwa ameketi mkekani anachambua maharagwe, hana habari na mtu. Kishindo akalala kwenye pindo la gauni lake. Mimi nikabaki nimepiga magoti.

Nimeamua. Kabla wiki haijaisha, sungura huyu atanipenda kuliko mtu yeyote nyumbani humu. Mimi ni mtu wa mipango.

Jumapili, tarehe 8 Machi

Kumbe Mama Mkwe alifuga sungura usichana wake! Hakuwahi kusema. Leo ametupa masharti, macho yakiwa kwenye maharagwe. Nyasi kavu ziwepo muda wote, maana hizo ndizo chakula chenyewe. Maji safi. Majani mabichi kidogo. Karoti ni kipande kama kidole gumba, tena kwa kumfurahisha tu. Mkate hapana, biskuti hapana. Asibebwe kwa masikio. Asiogeshwe, anajiogesha mwenyewe. Asikimbizwe.

Binti alisikiliza kama anayesikiliza redio. Mimi nilitikisa kichwa kwa adabu zote za mkwe.

Lakini moyoni nilikuwa napiga hesabu. Nyasi anapewa na kila mtu, kwa hiyo nyasi hazina mwenyewe. Nani atashukuriwa kwa nyasi? Karoti je? Karoti nzima, iliyotoka kwenye mkono mmoja tu, ambao ni huu?

Mpango wa kwanza unaanza kesho.

Jumatatu, tarehe 9 Machi

Nimempa karoti nzima wakati mke wangu anaoga na binti anatafuta soksi za shule.

Jamani, anavyokula! Meno yanakwenda kama cherehani yangu ikipita kwenye turubai. Karoti iliingia mdomoni bila kusimama, kama mbao inavyoingia kwenye msumeno. Wala hakuchafua mahali. Nimeona watu wazima wakila karamuni wasiofikia nusu ya ustaarabu ule.

Alipomaliza alijipangusa uso kwa mikono miwili, akaenda kulala kwa Mama Mkwe.

Nadhani ni mwenye shukrani za ndani kwa ndani.

Jumanne, tarehe 10 Machi

Mpango wa pili. Nimemshonea kochi.

Kochi kweli, si mchezo. Fremu ya mbao, sponji laini, velveti nyekundu, vifungo mgongoni, miguu minne niliyoichonga kwa mkono. Nusu ya siku imekwenda. Mteja mmoja alikuja kuulizia kiti chake, nikamwambia gundi haijakauka. Gundi ilikuwa bado kwenye kopo.

Nililiingiza sebuleni kwa heshima zote. Kishindo alilinusa upande huu, akalinusa upande ule. Akaanza kutafuna mguu mmoja. Akautafuna vizuri sana, kwa moyo wote. Kisha akarudi kwenye boksi la sabuni, akajikunja humo, akafumba macho.

Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta.

Mama Mkwe hakucheka. Alisema meno ya sungura hayaachi kukua, yasipopata cha kusaga humtesa, kwa hiyo mti ule utamfaa. Ila velveti na sponji niviondoe, asije akavimeza. Akaongeza kwamba nimefanya jambo la maana, mwanangu. Nilipokea sifa hizo kama mtu aliyekusudia. Kisha nikabandua kila kitu, imebaki fremu tupu. Kochi langu zuri!

Alhamisi, tarehe 12 Machi

Leo nimeshuhudia jambo. Mama Mkwe alipiga ulimi mara moja tu, ta! Kishindo akatoka chini ya kabati, akavuka sebule yote, akasimama kwa miguu ya nyuma na kumwekea mikono gotini. Alisimama wima kabisa! Kifua mbele, sikio moja juu. Ningekuwa na kofia ningeivua.

Nilikwenda karakana kuufanyia mazoezi mlio ule. Mteja aliyeleta stuli yake akadhani namsonya. Akaniuliza stuli yake ina nini cha kusonywa. Nilijaribu kueleza habari za sungura. Akachukua stuli yake, akaondoka.

Basi, mpango wa tatu. Biskuti! Nimejaza mfuko wa aproni. Jioni nilipita jikoni, nikaangusha kipande kimoja kama bahati mbaya. Kishindo akakila. Nikaangusha cha pili karibu na mlango. Akanifuata! Kutoka jikoni mpaka mlangoni, mguu kwa mguu! Nilitembea taratibu kama bwana harusi, nikihakikisha Mama Mkwe anaona.

Aliona. Akasema tu kwamba aproni yangu inadondosha vitu.

Ijumaa, tarehe 13 Machi

Ushindi! Amenifuata asubuhi, mchana na jioni. Biskuti zimeisha, nimeongezea ndizi na ukoko wa mkate. Binti kanikuta koridoni na sungura nyuma yangu, akasema, "Baba, anakupenda!" Nilijibu kwamba wanyama wanajua mtu mwema. Nilijisikia mrefu.

Baadaye Mama Mkwe aliinama kwenye nyasi, akasema leo hazijapungua. Nikasema labda ni hali ya hewa. Mke wangu akanitazama. Mimi nikatazama dari. Kuna ufa pale unahitaji fundi.

Jumamosi, tarehe 14 Machi

Siku mbaya kuliko zote. Naiandika kama ilivyokuwa.

Asubuhi Kishindo hakutoka kwenye boksi. Amejikunyata, macho nusu, anasaga meno polepole, kwa sauti ya mtu anayevumilia. Nilimwekea biskuti puani kwa siri. Akageuza kichwa. Karoti, akageuza kichwa. Kunigeuzia kichwa nilikubali, lakini pua! Pua ilikuwa imetulia.

Mama Mkwe alimgusa masikio. Ya baridi. Akapekua boksi, hamna kinyesi hata kimoja. Akasema tumbo limesimama, na kwa sungura hilo si jambo la kungoja kesho. Hakupandisha sauti. Alivaa viatu.

Binti alipakata boksi njia nzima. Hakulia, na heri angelia.

Daktari wa mifugo ni mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo. Alimminya Kishindo tumboni kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayetafuta msumari uliopotelea ndani ya godoro. Kazi hiyo naijua. Nikaona nipo mbele ya fundi.

"Anakula nini?" akauliza.

"Nyasi," binti akajibu. "Na maji, na majani. Na karoti kama kidole gumba."

"Na kingine?"

"Basi."

"Fikirini vizuri. Kama kuna kingine, nataka kukijua sasa hivi, kabla sijamchoma sindano."

Ukutani palikuwa na picha ya ng'ombe. Nikaikodolea. Nilikuwa na mpango wa kumwita daktari pembeni baadaye. Nilikuwa na mwingine wa kumsingizia shemeji. Yote miwili mizuri. Kishindo akasaga meno tena, na binti akamwekea kidole katikati ya masikio, akamuuliza Mama Mkwe, "Bibi, atakufa?"

Mdomo wangu ukafunguka bila kunishauri.

"Biskuti," nikasema. "Na ndizi. Na mkate. Na karoti, nzima nzima."

Daktari akainua uso. "Biskuti kiasi gani, baba?"

"Mfuko wa aproni. Umejaa."

Hata ng'ombe wa ukutani alinitazama.

"Baba!" Binti sasa ndipo machozi yalipomtoka. "Kwa nini?"

"Nilitaka anipende."

Mama Mkwe alijifunika mdomo kwa kiganja na mabega yakamtikisika. Nilidhani analia. Hakuwa analia.

Daktari alisema nimefanya vizuri kusema, maana sasa anajua anapambana na nini. Alimchoma sindano ya maumivu na nyingine ya kuamsha tumbo. Akatukabidhi bomba la sindano lisilo na ncha, akaeleza: nyasi zisagwe ziwe unga, zichanganywe na maji ya uvuguvugu, alishwe kidogo kidogo pembeni mwa mdomo. Akae mahali pa joto. Tumbo lipapaswe. Akafungua mlango, akamwambia Mama Mkwe kwamba kazi iliyobaki ni ya mikono yake.

Mikono ile! Nimeishi na mwanamke huyu mwaka na zaidi nikiona maharagwe tu. Nyumbani alimviringisha Kishindo kwenye taulo, akabaki pua na sikio. Tone moja. Anasubiri ameze. Tone jingine. Kishindo akitema, yeye anapangusa, anaanza upya. Hakumlazimisha, hakuchoka, hakunisema hata neno moja. Mimi nilisaga nyasi. Nilizisaga kwenye kinu mpaka mkono ukafa ganzi, nikabadilisha mkono. Binti alipapasa tumbo. Mke wangu alipasha maji, akapasha tena.

Jua likiwa linaelekea kuzama, binti alipiga kelele.

Punje moja! Ndogo, nyeusi, ya mviringo kama pilipili manga. Kisha tatu kwa mpigo! Tulishangilia kama timu imefunga goli. Mke wangu alitoka jikoni mbio na mwiko mkononi. Mimi nilimkumbatia mama mkwe wangu, jambo lisilofanywa, na yeye akanipiga piga mgongoni, jambo lisilofanywa vilevile. Sijawahi kuona kinyesi kikipokelewa hivyo.

Kisha Kishindo akavuta unyasi mmoja. Ukaingia mdomoni polepole, kama uzi unavyovutwa na cherehani, mpaka ncha ikapotea. Pua ikaanza kucheza.

Nilitoka nje nikajifanya naangalia mabati.

Jumatatu, tarehe 16 Machi

Hukumu imetoka. Binti ameshona mifuko yote ya aproni yangu, haifunguki. Ameshona mwenyewe, kwa mkono. Mshono umepinda lakini umekaza kweli kweli. Nimeuvuta, haukuachia. Damu ya fundi hiyo! Nimewaonyesha wateja wawili.

Mimi nimepewa zamu ya kubadilisha nyasi na maji asubuhi na jioni, chini ya usimamizi. Nabadilisha. Kishindo anakula mpaka inapendeza, amepona kabisa, jana alipiga mguu glasi moja ikaanguka.

Hanifuati. Nimepita koridoni makusudi mara kadhaa.

Jumapili, tarehe 22 Machi

Mgongo umenikamata! Niliinua kochi la watu watatu peke yangu, kwa kuwa shemeji alisema siwezi. Leo nimelazwa chali sebuleni, sakafuni. Mke wangu kanichua dawa ya kuchua, ile ya kijani yenye kuwasha, kisha wote wakaendelea na shughuli zao. Siwezi kugeuka. Siwezi kuita. Nimelala tu natazama ule ufa wa dari.

Kitu kikanigusa sikio. Chenye unyevu. Chenye kucheza.

Kishindo! Alininusa shingo, akapanda kifuani, akashuka upande wa pili. Akanisugua kidevu chake kwenye paji la uso, mara mbili, kama mtu anayepiga muhuri. Kisha akajinyoosha kandokando ya bega langu, miguu ya nyuma nje, akalala. Nilihisi moyo wake unavyokwenda mbio. Manyoya yale, jamani! Sikupumua. Machozi yalinitiririkia masikioni na sikuwa na namna ya kuyafuta.

Nilimuuliza Mama Mkwe kwa kunong'ona, imekuwaje. Alikuwa mkekani kwake.

"Leo umetulia, mwanangu," akasema. "Humwiti, humpi kitu, humwandami. Ndicho alichokuwa anangoja."

Namheshimu sana mwanamke huyu. Mikono yake sijaona mfano. Lakini hapa amekosea, na nimenyamaza tu kwa adabu.

Ni dawa ya kuchua. Mtu hahitaji kusoma sana kuliona hilo. Siku zote hakunijali, leo nimepakwa, leo kanijia! Ni ile harufu. Nimemtuma shemeji chupa tatu, kubwa. Kesho nitajipaka mikono yote mpaka kwenye viwiko, shingo, na ndevu.

Jumanne nitalipaka na boksi lake.